Kahambu Aliyebaki Ng'ambo ya Theluji

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana habari hii nikishaianza siikatizi kwa ajili ya mtu.

Nazitaja zama za kabla jembe la chuma halijafika kwetu, zama ambazo mlima mrefu wa machweo ulikuwa umevaa theluji hadi magotini, na watu wa bonde la Kirongo wakiuita Bwana Mweupe kwa sababu hawakuthubutu kulitamka jina lake lenyewe. Namtaja na mwenye habari: Kahambu binti Syahuka, Syahuka wa Ndaghala, Ndaghala wa Kithunga, Kithunga yule aliyeingia bondeni akiwa na mbwa na kaa la moto ndani ya pembe. Kahambu Mwachia-Mkono, Kahambu Sikio-la-Theluji, mwanamke aliyeupukuchua ukoo wa baba yake punje kwa punje ili usife, na kutokana na punje hizo tukaota sisi.

Ninyi mliozaliwa huku chini mnaiona theluji kwa mbali asubuhi na mnasema ni nzuri. Wazee wenu hawakuiona nzuri hata siku moja. Waliiogopa kama mtu anavyomwogopa jirani asiyesema, kwa kuwa hujui amekasirika tangu lini.

Basi ukoo wa Syahuka uliitwa Mkono Mmoja, na haukuitwa hivyo kwa mapambo. Ilikuwa sheria yao, kongwe kuliko makaburi yao, kwamba mahali pa hatari mtu wa ukoo hatembei peke yake. Wakivuka mto uliofura, walishikana mikono. Wakipita kwenye ukungu au juu ya theluji, walishikana mikono, wa mbele hadi wa nyuma, na aliyeteleza alivutwa na wenzake. Aliyetembea peke yake alikuwa mtu wa namna moja tu, naye ni yule aliyefukuzwa. Kumfukuza mtu kulikuwa kazi ya mkuu wa ukoo, na maneno yake yalikuwa machache. Mkuu alimshika mhalifu mkono, akauachia, akasema, "Mkono wangu umekuacha. Nyayo zako ni zako peke yako." Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina wala kumtazama usoni, na mwenye haja ya kumwambia neno aliliambia jiwe au mbuzi aliyesimama karibu, yeye akasikia.

Syahuka aliwahi kuyasema maneno hayo, na aliyasema kwa bintiye.

Ilikuwa hivi. Kila mwaka vijana wa ukoo walipanda kumpelekea Bwana Mweupe mbuzi wake, wakiwa wameshikana mikono, na mwaka ule aliongoza Mumbere, mwana wa kwanza wa Syahuka, ambaye mkewe Kanyere alikuwa na mimba changa. Kahambu alikuwa wa mwisho, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Mumbere, kwa kuwa wakati wa kurudi kiongozi huhamia nyuma, mbele tu ya yule wa mwisho. Walipofika katikati ya mteremko, Kahambu akasikia chini ya nyayo zake sauti nzito, vuum, kama nyumba kubwa iliyopumua. Akauachia mkono wa kaka yake, akarukia mwamba. Alipogeuka mteremko ulikuwa ukitembea. Theluji yote ilikuwa imekatika vipande kama udongo wa bwawa lililokauka, na vipande vile vikaenda, na juu yake watu walioshikana mikono, na hakuna hata mmoja aliyeachia. Hawakuonekana tena.

Kahambu akashuka peke yake, na alipoingia bondeni watu waliona jambo hilo kwanza, kwamba alikuwa peke yake. Syahuka akamuuliza mara moja tu kama aliuachia mkono wa ndugu yake. Akajibu kwamba aliuachia. Siku hiyohiyo Syahuka, aliyekuwa amekwisha kupoteza mwana, akaenda akapoteza na binti, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, na watu wakasema mkuu wetu ni mtu wa haki. Naam, alikuwa mtu wa haki. Na usiku hakulala.

Mimba ya Kanyere ikawa mtoto wa kike, akaitwa Masika, na kila alipoota jino au kurefuka kidogo Syahuka alijua kufukuzwa kwa Kahambu kumefikia wapi, kwa maana umri wa mtoto yule na umri wa adhabu ile ulipishana kwa miezi michache tu.

Naye Kahambu alikwenda wapi? Alipanda juu. Aliishi penye mapango ya pimbi, akivaa ngozi zao na kula nyama yao, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye aliisikiliza theluji. Alichimba ndani yake kwa mikono, akaona kwamba haikuwa kitu kimoja kama wazee walivyodhani. Ilikuwa imelala kwa matabaka, mvua juu ya mvua, baridi juu ya baridi. Kuna tabaka lililoshikana kama ubao. Na kuna tabaka lililojificha chini yake, lenye chembe kavu zisizoshikana, zinazomwagika mkononi kama ulezi. Akajua kwamba ubao ukikaa juu ya ulezi huo hungoja tu uzito. Akajua kwamba upepo ukipakia theluji upande mmoja wa ukingo, upande huo usikanyagwe. Akajua kwamba jua likiigusa theluji mpya inalegea. Na lililomuuma kuliko yote akalijua mwishoni, kwamba ndugu zake hawakufa kwa kukosa kushikana mikono. Walikufa kwa sababu walishikana, na uzito wao ukawa mmoja.

Hakuwa na wa kumwambia.

Sasa sikieni jinsi bonde lilivyokufa. Mvua za mwaka ule zilinyesha hadi watu wakasahau sauti ya ukimya, na siku moja upande mzima wa kilima ukaporomoka kwenye koo la bonde, ukauziba mto Kirongo. Maji yakageuka. Yalimeza kwanza mashamba ya chini, yakameza maghala, yakapanda taratibu bila kelele, nyumba baada ya nyumba, na kila asubuhi watu waliamka na kuyakuta karibu zaidi. Kuta za bonde lile ni magenge matupu. Njia ya kutokea ilikuwa mto, nao ndio uliokuwa ukiwafuata. Ilibaki njia ya juu, mahali paitwapo Shavu, mteremko mpana wa theluji kati ya mwamba wa huku na ukingo wa kule, na ng'ambo ya ukingo huo msitu na nchi nyingine.

Wakapanda wakiwa na watoto na mbuzi wachache na moto ndani ya chungu. Wakafika penye mwamba jioni, wakaliona Shavu, na woga uliwaingia hata wakubwa. Chini yao bonde lilikuwa limekuwa ziwa. Mbele yao ilikuwa theluji iliyomla Mumbere. Syahuka akasema, "Kesho tutashikana mikono, wote, mkono mmoja, nasi tutavuka." Akasema kwa sauti ya mkuu, lakini macho yake hayakutoka kwenye theluji, na Kanyere aliyekuwa amesimama karibu aliona.

Ndipo Kahambu akatokea. Alitoka nyuma ya mwamba akiwa na ngozi zake na ufito mrefu, nywele zimekuwa kama manyoya ya mnyama, na watu wote kwa pamoja wakageuza nyuso wakatazama kwingine kama sheria ilivyotaka. Yeye hakujali. Aliichukua ngao ya ngozi kavu ya mmoja wa vijana, akaiegemeza kwenye jiwe iwe na mteremko. Akaomba ulezi, akikiambia chungu cha moto kwa adabu, na mwanamke mmoja akaweka konzi ya ulezi chini kama aliyeiangusha. Kahambu akautandaza ulezi juu ya ngao, na juu ya ulezi akalaza ngozi ya mbuzi. Kisha akaweka jiwe dogo juu ya ngozi, likakaa. Akaliondoa, akaweka jingine, nalo likakaa. Halafu akayakusanya mawe yote akayaweka kwa pamoja. Ngozi ikateleza na mawe yake yote, ikaanguka miguuni kwa Syahuka.

Kahambu akauambia mwamba, "Shavu ndivyo lilivyo leo. Nimelichimba. Litambeba mtu mmoja baada ya mmoja, asubuhi, kabla jua halijalifikia. Mkienda kwa pamoja, litaenda nanyi."

Syahuka akaliangalia lile lundo la mawe kwa muda mrefu. Ilimjia picha ambayo kwa miaka yote aliifukuza: si Kahambu akiachia mkono, bali Mumbere akiwa ameushika wa jirani yake. Naye akauambia mwamba, kwa sauti ambayo watu hawakuizoea, "Mtu wa Mkono Mmoja hatembei peke yake. Anayetembea peke yake ni aliyefukuzwa. Wahenga watamkataa kila atakayevuka hivyo."

"Basi wafukuze," Kahambu akauambia mwamba.

Kukawa na manung'uniko, na wako waliosema huyu mwanamke amerudi kulipiza. Lakini Syahuka alielewa. Alielewa mara moja, na kuelewa kulimtia hofu kubwa kuliko maji na theluji. Ukoo ambao baba zake walimkabidhi ukiwa mzima, auvunje kwa kinywa chake mtu kwa mtu, mpaka usibaki. Halafu ng'ambo kule watu wasio na ukoo wapokeane na kuwa kitu kipya ambacho hakina jina. Ndivyo alivyotakiwa. Na kama alikuwa akidanganywa na binti mwenye kinyongo, basi atakuwa ameumaliza ukoo bure na theluji itamalizia miili.

Kanyere, mjane wa Mumbere, ndiye aliyekata shauri. Alikuwa hajawahi kumsamehe Kahambu, wala hakujifanya kumsamehe. Akamwendea Syahuka akanyosha mkono. "Mimi kwanza, baba mkwe," akasema. "Mlima huu nilishaulipa. Nikifika, nitasimama kule niwapokee. Nisipofika, mtakuwa mmejua."

Kabla ya alfajiri Kahambu alikwisha kulipitia Shavu akipima kwa ufito wake, akaweka alama za nyayo, akarudi. Kulikuwa na baridi ya kukata. Kilele kilikuwa kimetupa kivuli chake juu ya mteremko wote, na kivuli hicho ndicho kilichokuwa uhai wao. Syahuka akaushika mkono wa Kanyere, akauachia. "Mkono wangu umekuacha. Nyayo zako ni zako peke yako." Kanyere akavuka. Waliokuwa kwenye mwamba walimwona akiwa mdogo, akiwa mdogo zaidi, akipotea kwenye weupe, halafu akasimama juu ya ukingo wa kule na kunyosha mkono wake mtupu kuelekea kwao.

Ndipo kazi ikaanza. Mmoja baada ya mmoja walikuja mbele ya Syahuka, naye akawafukuza. Alimfukuza dada yake. Aliwafukuza wazee waliocheza naye utotoni, nao walilia kama watoto, si kwa kuogopa theluji bali kwa kusikia maneno yale yakielekezwa kwao. Mama mwenye mtoto mgongoni alihesabiwa mtu mmoja, kwa kuwa mtoto asiyeachishwa ziwa hana nyayo bado. Wapo waliokataa kuachia na ikabidi avibandue vidole vyao. Na kila mmoja alipofika ng'ambo, Kanyere alimshika akasema, "Mkono huu hapa," kisha akamwambia nafasi yake: wewe ni wa pili kuzaliwa, wewe ni wa tatu. Kahambu alikuwa amelaza sikio juu ya theluji, na hakuna aliyekanyaga Shavu mpaka ainue kidole.

Kivuli kilikuwa kikipungua. Jua lilikuwa limeshagusa juu kabisa, penye theluji iliyopakiwa na upepo, na mstari wa mwanga ulikuwa ukishuka.

Mwishowe alibaki Masika na babu yake. Haikuwa lazima awe wa mwisho. Syahuka alikuwa amemrudisha nyuma kila zamu ilipomfikia, akisema huyu mrefu atangulie, huyu mgonjwa atangulie, na kila mtu aliona na hakuna aliyemsema. Mtoto alikuwa ameushika mkono wake kwa mikono yake miwili. Syahuka akayasema maneno, mtoto hakuachia. Akayasema tena. "Nimekosa nini, Babu?" mtoto akauliza. Huyo mzee, ambaye hakulia Mumbere alipokufa, alilia hapo waziwazi, akainama, akaivuta mikono yake kwa nguvu kutoka kwenye ile midogo, akamgeuza mabega akamsukuma.

Masika akaenda, akihema kwa kilio. Alipofika katikati, sauti ile ikaja. Vuum. Waliisikia pande zote mbili. Juu ya mtoto, mahali jua lilipofika, ufa ukakimbia kutoka upande hadi upande, mwembamba, mweusi, haraka kuliko jicho. Mtoto akasimama.

Na ng'ambo, watu wakafanya walichozoea kufanya tangu kuzaliwa. Walishikana mikono. Hakuna aliyewaambia. Waliokuwa karibu na theluji walikamatana, wa nyuma wakawakamata wao, na safu nzima ikaanza kuingia Shavuni kumfuata mtoto, baba zake wadogo na shangazi zake, kwa upendo wote walionao, ili wamuue. Kahambu hakuita, kwani aliogopa mtoto asije akashtuka akakimbia. Syahuka yalimrudia yote: safu, mikono, weupe.

Aliyewazuia alikuwa Kanyere. Alijitupa kwenye njia, akaketi mbele ya yule wa kwanza, akamkumbatia miguu. "Asimfuate mtu," akasema. Wakamwambia, mwanao yule. Akasema, "Najua ni mwanangu. Achianeni mikono." Na akiwa bado ameketi, akawapa watu wake mgongo, akaunyosha mkono mbele, akamwita mtoto kwa sauti ya kila siku, sauti ya kumwita mtoto aje kula. "Masika. Njoo, mama. Polepole. Njoo mwenyewe." Mtoto akainua mguu, akauweka. Akainua mwingine. Ufa ulibaki wazi juu yake kama mdomo wa mtu anayefikiri la kusema, na haukusema. Mtoto akafika, akashikwa.

Wanaosema kwamba Kanyere alimsamehe Kahambu wanaweza kusema wapendavyo. Mimi ninachojua ni kwamba siku ile, mwenyewe, aliwakatalia watu kushikana mikono, na alijua anachokifanya, na alijua ni nani aliyekifanya kabla yake.

Kwenye mwamba wa huku walibaki wawili. Syahuka aliketi. Kahambu akauambia mwamba kwamba wakati umebaki kidogo, mkuu apite chini ya njia waliyopita wengine, mbali na ufa. Syahuka akatikisa kichwa. Alikuwa amewafungua wote, akasema, lakini yeye hana wa kumfungua. Mkuu ambaye hajafukuzwa akitembea peke yake, anavunja sheria akiwa bado ndani yake, na maneno yote aliyoyasema asubuhi ile yatakuwa maneno ya mvunja sheria, na wahenga watawadai wale wa ng'ambo. Msimcheke. Aliogopa hivyo kweli, na aliogopa kwa ajili ya wengine. Anayeweza kumfukuza mtu wa Mkono Mmoja ni mtu wa Mkono Mmoja, naye alikuwa amebaki peke yake duniani.

Kisha yule mzee, kwa mara ya kwanza tangu kabla Masika hajazaliwa, akageuza uso kutoka kwenye jiwe akamtazama bintiye machoni.

"Kwa nini ulimwachia?" akamuuliza.

Watu wa kutazamwa kila siku hawajui ilivyo kutazamwa baada ya miaka. "Niliisikia, Baba," Kahambu akasema. "Niliachia nikidhani naye ataachia. Nilipogeuka alikuwa ameunyosha mkono wake nyuma, ananitafuta mimi."

Syahuka akasimama. Maneno ya kumpokea mtu ndiyo mafupi kuliko yote tuliyonayo, lakini alichukua muda kuyatoa. "Mkono huu hapa," akasema, "Kahambu binti Syahuka, wa Ndaghala, wa Kithunga. Mkono huu hapa, mwanangu." Wakashikana. Waliokuwa ng'ambo waliwaona wakiwa wameshikana kwa muda mrefu kuliko sheria inavyohitaji, na jua lilikuwa likishuka, na hakuna aliyewaita.

Kisha Kahambu, ambaye sasa alikuwa wa ukoo na mwenye neno lake, akauachia. "Mkono wangu umekuacha, Baba. Nyayo zako ni zako peke yako."

Syahuka alivuka Shavu akiwa mzee aliyefukuzwa. Hakuwahi kutembea peke yake mahali pa hatari tangu azaliwe, na mkono wake wa kulia, wasimulizi wote wanakubaliana hapa, ulikuwa ukifungukafunguka hewani kutafuta kitu. Theluji ilikuwa imeanza kulowa. Chini ya nyayo zake ilikuwa ikinong'ona. Alipofika, Kanyere akamsogeza Masika mbele, na mtoto ndiye aliyempokea: "Mkono huu hapa, Babu. Wewe ni wa mwisho kuzaliwa."

Akageuka kumtazama Kahambu. Kivuli kilikuwa kimekwisha. Shavu lote liliwaka jua, na kutoka kwenye ule ufa maji yalidondoka.

Kahambu alisimama juu ya mwamba. Akawaambia kwa sauti iliyowafikia vizuri, "Leo haikanyagwi tena. Shukeni msituni kabla watoto hawajaganda. Nitavuka ikishika baridi." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, nayo yalikuwa maneno ya mtu anayejua kazi yake. Lakini Syahuka aliona jambo jingine, na alilisema hadi kufa kwake. Alisema kwamba alipokuwa akivutwa na watu kushuka, aligeuka, akamwona bado amesimama palepale, na mkono wake ulikuwa umenyoshwa mbele, kama wanavyosimama watoto wa Mkono Mmoja wanaposubiri kushikwa ili wavushwe. Miaka yote aliyotembea peke yake hakuhitaji mtu. Siku alipopokelewa, akawa mtu wa kungoja mkono. Mzee huyo aliamini hivyo, na imani hiyo ilimla polepole. Mimi nasema alikuwa akiwaaga. Lakini mimi sikumwona.

Jioni upepo ukaja, na theluji mpya pamoja nao, nyingi. Waliokuwa msituni wamejibana chini ya majani waliusikia mlima ukikohoa, kisha mngurumo mrefu, kisha hakuna. Hakuna aliyelala, na hakuna aliyemtazama Syahuka.

Kulipokucha akapanda peke yake. Shavu lilikuwa limekwisha kuondoka. Ilibaki barafu ya kale, ya buluu, ngumu kama jiwe, mtu angeweza kuikanyaga na ng'ombe wake wote. Alivuka hadi kwenye mwamba. Hakukuwa na mtu, wala ufito, wala unyayo. Jua la baadaye lilipoyeyusha lile lundo la chini walitafuta humo mchana mwingi, wakapata ngao na mifupa ya zamani ya watu walioshikana, wakaizika kama ilivyokuwa. Kahambu hawakumpata.

Ukoo mpya ulihitaji mkuu, wakamwendea Syahuka. Akakataa, akasema mimi ni kitinda mimba wenu, muulizeni mzaliwa wa kwanza. Basi mkuu wetu wa kwanza akawa Kanyere, naye akatupa jina tulilonalo, Watu wa Kahambu, akalisema bila kutabasamu. Tukajifunza kupita mahali pa hatari mmoja mmoja, na anayefika hugeuka akamnyoshea mwenzake mkono mpaka afike.

Hayakupita mavuno mawili, mtu mmoja akaiba mbegu za ulezi kutoka ghala la wote, akazila na wanawe. Kosa hilo tangu Kithunga lilikuwa na adhabu moja. Watu wakamkamata wakamleta kwa Kanyere, na Kanyere akawapeleka kwa Syahuka, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyajua maneno. Mzee alikuwa anaota jua. Akamtazama yule mwizi. Akaushika mkono wake. Watu wakasubiri auachie.

"Siwezi," Syahuka akasema. "Neno hilo si langu tena. Mimi nilifukuzwa, na ninyi nyote mlifukuzwa, na mtu aliyefukuzwa hamfukuzi mtu. Mwenye neno alibaki kule." Akaelekeza kichwa mlimani, na hakuuachia ule mkono mpaka watu walipotawanyika.

Tangu hapo hatujamfukuza mtu. Tunao wagomvi na tunao waongo, na tunakaa nao, maana mwenye neno hajavuka. Yule mwizi alikaa, akaoa tena, akazaa sana, na nusu yenu mnaonisikiliza hapa ni uzao wake.